Ukimya wa Mama Yako

Masika mwanangu,

Ya sabuni, ya chandarua, ya kuficha karatasi zako ndani ya nguo kamyo uliyopanda ikisimamishwa njiani, mama yako amekwisha kukuambia, na shangazi yako akayarudia. Mimi nikiongeza neno utachoka kabla ya kufika Butembo. Kwa hiyo hayo nayapita. Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, mama yako yuko uani anakufungia unga wa muhogo, na mimi nimejifungia hapa chumbani na daftari lako la zamani. Juma hili nimejaribu mara mbili kukuambia haya kwa mdomo. Mara zote mbili nilijikuta naongea habari za bei ya mbao.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, uliniuliza: "Papa, sababu gani mama hasemi kitu mu shirika? Kila mutu anasema, yeye anakaaka tu pale kwa mulango." Nikakujibu kwamba ndivyo alivyo tangu ujana wake. Nilikudanganya, mwanangu. Katika shirika letu, zile familia za mtaa wetu wa Mabanga hapa Goma zinazosali pamoja kila Jumatano, mama yako ndiye aliyekuwa akisoma Neno, na akimaliza kusoma hakuna aliyetaka kumkatiza. Aliyemnyamazisha ni mimi. Kesho unakwenda Kisangani kusomea uuguzi, nami sitaki uondoke na uongo wangu ndani ya mzigo wako.

Mdogo wako Paluku unamkumbuka kidogo tu. Ulikuwa na miaka sita, yeye minne. Surua ilipita Mabanga mwaka ule, ikaingia nyumba hii, ikaruka ile, na kwetu ikaingia. Wewe ilikugusa kidogo ikakuacha. Yeye ikamshuka kifuani.

Siku zile nilikuwa na kazi ya mabenchi ya kanisa jipya. Wageni wakubwa walikuwa waje Jumapili kulibariki, na niliahidi mabenchi ishirini. Nililipenda lile neno, kuahidi. Nilipenda watu waseme, "Papa Masika akisema, amesema." Nilikuwa nikitoka nyumbani kabla ya uji na kurudi mmekwisha kula.

Asubuhi ya Alhamisi mama yako alikuja kwa miguu kutoka Mabanga hadi atelye yangu, karakana ya useremala, pale Ndosho. Wewe na Paluku aliwaacha kwa jirani yetu, Mama Furaha. Alisimama mlangoni, miguu yake imejaa lile vumbi letu jeusi mpaka magotini.

"Papa Masika, acha kazi. Kuya ukae na mutoto. Anakuita."

Nikamuuliza kama mtoto amekunywa dawa.

"Amekunywa. Haiko dawa anataka. Anakutaka weye."

"Nitakuya mangaribi," nikamwambia, bila kuweka msumeno chini. "Hii ni kazi ya Mungu, mama. Hawezi kutuacha siku tunamutumikia."

Hakunibishia. Aliyatazama mabenchi, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu watu, halafu akaondoka. Atelye ilikuwa imejaa mabenchi mapya kumi na tisa, Masika, na sikumkaribisha aketi hata dakika moja kabla ya kurudi njia yote ile.

Saa nane mchana mume wa Mama Furaha alikuja mbio. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa.

Mafundi wenzangu walitaka kunitengenezea sanduku. Nikakataa, nikalitengeneza mwenyewe kwa mbao za lile benchi la ishirini. Nilipiga randa ndani na nje, kana kwamba mtu angekuja kukagua. Sikulia. Makaburini niliongoza nyimbo, maana kwaya ilikuwa mikononi mwangu, na sauti yangu ilikuwa juu ya sauti zote. Nikasikia watu wakinong'ona nyuma yangu: "Angalia imani ya ule mutu." Mungu anisamehe, maneno yale niliyapenda.

Baada ya hapo sikuiacha nyumba ikae kimya hata kidogo. Miaka ile nchi nzima ilikuwa ikiimba, wewe mwenyewe unajua. Shuleni watoto waliimba na kumchezea ngoma Kiongozi wa nchi kabla ya kuingia darasani, maofisini watu wazima walivaa abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, wakaimba, na Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tuliimba huku tumeshika majembe ya kuzibua mitaro. Mimi nikaongeza ya kwangu. Redio iliwashwa tangu alfajiri. Kila jioni nilialika watu waje tusali rozari, na rozari ikiisha nilianzisha wimbo, na wimbo ukiisha nilianza kutoa ushuhuda. Watu wakaanza kuiita nyumba yetu kanisa dogo.

Ukweli ni kwamba nyumba ikinyamaza nilisikia maneno mawili, "Anakutaka weye," na sikujua niyajibu nini.

Mama yako hakuniambia neno baya. Alipika, alinipa maji ya kuoga, aliitika nilipomwita. Lakini alikuwa kimya, na ukimya ule niliuogopa kuliko matusi. Kila alipoinua macho kutoka kwenye sufuria nilijiona nimesimama mbele ya hakimu. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu yake mwenyewe. Nilidhani alikuwa akinyamaza dhidi yangu.

Alikuwa na biashara yake ndogo ya maharagwe. Kila Alhamisi alikwenda kuyanunua Sake na wanawake wenzake, wakarudi wote kwa gari moja. Ikafika wakati wenzake wanarudi, mzigo wake unarudi nao, na yeye mwenyewe anafika baadaye kwa miguu, jua linaelekea kuzama. Alhamisi moja Mama Furaha alinipitia atelye.

"Papa Masika, mimi sipendi mambo ya watu," akaanza, na ukisikia hivyo ujue kuna mambo ya watu. "Lakini bibi yako anashukaka mu njia. Pale chini kuna kale kaziwa ka kijani, kenye kuzungukwa na kilima. Anapita njia ya mbuzi, anashuka mpaka kwa maji, anakaa peke yake. Na weye unajua, wazee wa zamani walikuwa wanaachaka pombe pale kwa ajili ya mizimu."

Ningeweza kumuuliza mama yako jioni ileile. Swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili tu: unaendaka wapi? Sikumuuliza. Na hapa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri kwa uwazi huu. Niliposikia habari ile, nilifurahi. Kama mama yako alikuwa anakwenda kwa mizimu, basi mwenye kosa katika nyumba yetu alikuwa yeye. Mzigo ungehama kutoka begani mwangu. Mtu mwenye hatia haulizi maswali, mwanangu, anatafuta mahali pa kuitua.

Jumatano iliyofuata shirika lilikutana kwetu. Mama yako alisoma Neno, akaketi, akakupakata. Mimi nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba tumuombee mama wa nyumba hii. Anaendaka kwa mizimu ya maji."

Mkubwa wa shirika, mzee mpole aliyevaa abakosti yake ya kahawia, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, ni kweli unaendaka kule?"

"Ni kweli naendaka."

"Unafanya nini kule?"

"Nakaa."

"Unakaa na nani?"

Mama yako alinitazama mimi. "Mutu wa kukaa naye sikumupata," akasema. Halafu akainuka, akakubeba, akaingia chumbani.

Wazee walikubaliana asisome Neno kwanza, mpaka mambo yaeleweke. Asubuhi yake alikufunga mgongoni, mkubwa vile ulivyokuwa, akapanda gari la kwanza kwenda Masisi kwa baba yake.

Miezi mitatu nilikaa peke yangu. Redio ilikuwepo, watu wa rozari walikuja, kisha wakaanza kupungua, maana nyumba isiyo na mwanamke haikuwa na chai. Siku moja nilifika nikakuta betri za redio zimekwisha. Nikakaa kitandani, nikasikia maneno yale mawili, nikainuka nikaenda kuzungukazunguka sokoni hadi wachuuzi walipofunga. Kesho yake nilifunga atelye, nikapanda gari.

Njia ya kwenda kwa babu yako unaijua. Baada ya Sake magari yanapanda kama yanalia, halafu matope yanayashinda na unashuka kutembea. Vilima vile vya malisho, kimoja nyuma ya kingine, na ng'ombe wamesimama huko juu kama wamesahauliwa. Babu yako nilimkuta kwenye zizi, amevaa lile koti lake la mvua lililochanika mabega. Alinipa mkono, akaagiza niletewe maziwa, akaningoja nimalize.

"Umekuya kufanya nini?"

"Nimekuya kumuchukua bibi yangu, Muzee."

"Mutoto wangu haiko muzigo wa kuchukua." Akageuka kuwatazama ng'ombe. "Muchungaji wangu ni mugonjwa. Kesho utachunga weye."

Usidhani babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mpango wa kunifundisha kitu. Alikuwa na ng'ombe thelathini na mguu mbaya, na mimi nilikuwa mtu mzima asiye na kazi. Basi.

Nilichunga. Siku za kwanza niliimba mlimani kutwa nzima, nyimbo zote nilizozijua, na ng'ombe wakawa wanahama taratibu, wakienda mbali nami. Babu yako alikuwa akinifuata na fimbo yake, amekunja uso. "Unapigaka kelele sana," akaniambia. "Ng'ombe hawakule muzuri." Jioni mama yako alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa baba yake, kwa heshima, akaendelea na kazi. Wewe ulikuja mara moja kunionyesha ndama aliyezaliwa juma lile. Ulikuwa ukimnong'oneza sikioni. Nilipokuuliza unamwambia nini, ulinitazama, ukanyamaza.

Siku ya tano ukungu ulishuka. Nimekaa Goma, nimeona moshi wa mlima wetu wa moto ukifunika jua, lakini ukungu kama ule sikuwahi kuuona. Ulikuja kutoka bondeni kama mtu anavyovuta shuka, ukafunika ng'ombe wa chini, ukafunika wa kati, ukanifikia mimi. Nikafungua mdomo niwaite. Babu yako alinishika mkono kwa nguvu.

"Kaa chini. Usiite. Ukiita watashituka, wataanguka mu bonde. Mimi nakwenda kusimama pale chini. Weye kaa tu."

Nikasikia hatua zake za kuchechemea zikipotea. Nikakaa kwenye jiwe. Sikuiona fimbo niliyoishika mkononi. Upepo hakuna, ndege hakuna, hata maji ya kijito yalikuwa kama yamesimama.

Nilianza rozari kimoyomoyo, haraka, kama fundi anayepigilia misumari. Ikaisha. Nikaanza nyingine, ikaisha. Ya tatu nilichoka katikati, na hapo ndipo yalipokuja yale maneno: "Anakutaka weye."

Hapakuwa na redio ya kuwasha, wala wimbo nilioruhusiwa kuuimba. Nikayasikiliza. Kwa mara ya kwanza niliyasikiliza hadi mwisho. Nikaiona asubuhi ile yote, mwanga wa mlangoni, vumbi kwenye miguu ya mama yako, na jinsi alivyoyatazama mabenchi. Nikamwona Paluku kitandani amegeuzia uso wake kwenye mlango. Hilo sikuambiwa na mtu, lakini mtoto anayemngoja baba yake atatazama wapi? Nikasema kwa sauti ndogo, "Paluku, papa iko hapa." Nikalia. Nililia kilio nilichokizuia tangu siku ya sanduku, na sikuweza hata kukitoa kwa sauti kwa ajili ya ng'ombe wa watu.

Sijui ilikuwa muda gani. Ninachojua ni kwamba machozi yalipokwisha sikuinuka. Sikusikia sauti ya mbinguni, Masika, sikuona mwanga, na ninaogopa kukuongezea chumvi. Ilikuwa kama mtu amekuja akaketi kwenye jiwe kando yangu, hasemi kitu, hataki kitu, na haondoki. Kosa langu lilikuwa palepale, kubwa vilevile. Hakulipunguza. Lakini sikuwa nalo peke yangu tena. Miaka yote ile nilikuwa nimemtengenezea Mungu viti, na sikuwahi kukaa naye.

Halafu nikasikia majani yakikatwa, karibu sana, krap, krap. Ukungu ulipoanza kuwa mwepesi niliona pua ya ng'ombe hatua mbili kutoka kwenye goti langu, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Walikuwa wamenizunguka. Walipoona nimetulia walikuwa wamerudi wenyewe.

Babu yako alipanda akichechemea, akahesabu ng'ombe wake wote, ndipo akanitazama usoni.

"Umelia."

"Ndiyo, Muzee."

"Haya. Tuwapeleke kwa maji."

Jioni ile mama yako alikuwa nje anachambua maharagwe. Nikaenda nikaketi kwenye kigogo, karibu lakini si karibu sana, nami nikachukua maharagwe nikaanza kuchambua. Sikusema kitu. Nadhani ndicho kilichomshangaza. Ungo ulipofika nusu akaniuliza, "Unataka kusema nini?"

"Asubuhi ile nilipaswa kukuya."

"Ndiyo," akasema. "Ulipaswa kukuya."

Nikangoja aongeze yale ambayo watu wote walikuwa wameniambia msibani, kwamba siku zake zilifika, kwamba Mungu alimpenda zaidi. Hakuongeza. Hadi leo namshukuru. Aliliacha kosa langu liwe na ukubwa wake, na kwa sababu hiyo niliweza kulishika.

Baadaye, bila mimi kumuuliza, akanisimulia ya kale kaziwa.

"Mara ya kwanza nilishuka pale kwa ajili ya kulia. Mu nyumba yako hapakuwa nafasi ya kulia, kila saa wimbo. Nilikuwa nalia, nanawa uso, narudi. Nikafanya vile Alhamisi nyingi. Halafu Alhamisi moja sikulia. Niliangalia maji tu. Kandege kakakuya, kakakunywa, kakaenda. Nikasikia kama Mungu ananiambia, pumuzika, sikuulize kitu. Ni ile tu. Hapana mizimu."

"Ulikuwa unaniombea?" nikamuuliza. Ujinga wa mwanaume hauishi.

"Hapana. Jina lako sikulitaja pale hata siku moja. Ningelitaja, ningekulaani. Kwa hiyo nilikunyamazia."

Ndipo nilipojua ukimya ule nilioudhani hukumu ulikuwa nini. Alikuwa ameuweka kati yetu ili asiniangamize.

Nilidhani tungerudi pamoja. Aliponiona nafunga mfuko wangu asubuhi akasema, "Weye rudi. Kasemee pale ulisemea. Mimi nitarudi siku nitataka."

Jumatano nilisimama mbele ya shirika, mahali palepale. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema machache. Nilisema nimemsingizia mke wangu jambo nisilolijua. Nilisema mtoto wangu aliniita na sikuenda, na kwamba aibu yangu niliichukua nikamvika mama yake. Mtu mmoja alisema si vizuri mwanaume kujishusha hivyo mbele ya wanawake, na familia mbili zikaacha kuja. Mama Furaha alijifunika uso kwa kitenge. Mkubwa wa shirika akavua miwani yake, akasema: "Na mimi nilimuuliza alikuwa na nani. Sikumuuliza alikuwa na uchungu gani." Uongozi wa kwaya niliuacha siku hiyohiyo.

Mama yako alirudi baada ya miezi miwili, juu ya gari la kabichi, wewe umekaa juu ya magunia kama malkia. Hiyo safari unaikumbuka, umeshanisimulia mwenyewe. Alipoingia kwenye shirika watu wote walisimama, wakamwomba radhi, wakampa Kitabu asome. Aliwashika mikono mmoja mmoja. Kitabu hakukipokea. Alikwenda kukaa karibu na mlango, na hapo ndipo anapokaa hadi leo. Amenisamehe, naamini hivyo, na wao pia. Lakini neno likishasemwa mbele za watu halirudi lote. Lile ulilouliza Jumapili, jibu lake ndilo hilo.

Nilimwomba anipeleke kule ziwani. "Bado," akasema. "Pale ni pangu." Kwa hiyo ilinibidi nitafute pangu. Nyuma ya atelye, ukipita nyumba za mwisho za Ndosho, kuna yale mawe meusi ya moto wa zamani ulioshuka kutoka mlimani, yameshaota ukoka wa kijani na majani madogomadogo kwenye nyufa. Saa sita misumeno ikilala nilikuwa nakwenda kukaa pale. Watoto walinicheka. Mtu mmoja alinifuata kuniuliza kama kiwanja kile kinauzwa. Na nisikufiche, siku nyingi hakuna kinachotokea. Nakaa, mgongo unauma, nafikiria mbao, narudi kazini. Nilikwenda kwanza nikitaka nipewe tena kile nilichopewa kwenye ukungu, na sikupewa. Nilipoacha kukidai ndipo pale pakaanza kunipumzisha. Mjusi anatoka kuota jua. Jani linalotoka kwenye jiwe jeusi halijui kwamba pale hapafai kuota kitu. Ninakumbuka kwamba dunia haikungoja mimi niipigie misumari, na Mungu pia. Basi ninanyamaza, na kunyamaza hakunitishi.

Mwaka mmoja ulipita hivyo. Alhamisi moja mama yako alisimama mlangoni mwa atelye na kikapu chake.

"Kuya," akasema.

Niliweka msumeno chini saa ileile. Tulishuka njia ya mbuzi, yeye mbele. Maji yalikuwa ya kijani kama majani ya mgomba, yametulia kabisa. Tuliketi. Hatukusali kwa mdomo. Baada ya kitambo mama yako alijilaza kwenye majani akapitiwa na usingizi, na mimi nikaishika kofia yangu juu ya uso wake kumkinga na jua, nikibadilisha mkono huu na ule hadi alipoamka. Katika kazi zote nilizowahi kuifanyia Mbingu, sidhani kama kuna iliyopokelewa zaidi ya ile.

Sikuagizi uende kukaa kwenye mto wa Kisangani, mwanangu. Labda wewe utapata raha hiyo mahali ambapo mimi nisingeiona. Lakini utakuwa muuguzi, na siku moja baba fulani ataingia mbio na kukuta mtoto wake ameshafunikwa. Atataka umwambie kwamba ni mapenzi ya Mungu. Usimwambie. Usimlaumu pia. Kama una dakika moja, kaa naye bila neno.

Limebaki moja, nalo ni lako peke yako. Katika zile jioni za rozari nilikuwa nakusimamisha katikati ya chumba uwaimbie wageni. Ulikuwa na sauti nzuri, nami nilitaka waone kwamba nyumba yangu bado ina furaha. Jioni moja ulifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilikukaripia mbele ya watu wote, nikasema unamwaibisha Mungu. Mtoto wa miaka sita aliyemzika mdogo wake. Baada ya siku ile ukawa unanong'ona tu, hadi Masisi. Huikumbuki, mama yako ameniambia huikumbuki, na ningeweza kuiacha ipotee. Lakini ni yako, si yangu kuipoteza. Nisamehe, Masika.

Usijilazimishe kunijibu hili. Ukiisoma barua hii na kukaa mwezi, au miwili, bila kuniandikia, sitadhani umenihukumu, wala sitamtuma mtu akuulize. Nitajua kwamba uko mahali fulani umekaa, na sitaogopa, kwa sababu najua ni Nani anayekaa na watu mahali kama hapo.

Papa yako